Viti Viwili vya Rais Mbarati

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa.

Katika nchi ya Mzimbaro waliishi watu watatu wenye vipaji. Karani Tindo hakuwahi kusahau tarehe, hata ya siku ambayo jirani yake aliachwa na mke. Fundi Mkwachu alikuwa akinusa kiti anakuambia nani alikikalia. Na Mama Shekha, mke wa Rais Mbarati, aliweza kuzitambua nyayo za mumewe hata katikati ya gwaride la askari mia.

Wa nne alikuwa Bi Saumu. Huyo kipaji chake kilikuwa sauti tu, lakini sauti yenyewe ilisikiwa na waliokufa.

Mzimbaro, kila rais akiapishwa huchongewa kiti, na namba yake huchomwa kwa chuma cha moto kwenye egemeo. Akitoka madarakani, kiti hupelekwa Chumba cha Viti kikageuziwa ukuta. Siku ya kumzika, Bi Saumu husimama nyuma ya viti na kuwaita marais marehemu kwa namba zao, mmoja mmoja kwa zamu. Kila anayeitwa hugonga mara moja. Akigonga huyo mpya, watu wanajua amefika kwa wenzake, wanaenda kumzika kwa amani.

Lakini akiitwa sivyo, humfuata aliyemwita. Bi Mize, shangazi yake Saumu aliyekuwa mwitaji kabla yake, alibabaika siku moja akamwita rais wa pili "wa kwanza". Basi! Marehemu akaenda naye nyumbani, akakaa jikoni miaka tisa, anavuta sigara zisizoonekana na kulalamikia chumvi. Bi Mize alikufa ananuka tumbaku, na maishani mwake hakuwahi kuvuta. Saumu ndiye aliyemwosha. Harufu haikutoka.

Sasa sikilizeni mkasa wenyewe.

Mheshimiwa Mbarati alikuwa rais wa tatu. Akashindwa kura, akaingia Sapi, wa nne. Miaka mitano ikapita, Sapi naye akashindwa, Mbarati akarudi. Kiti chake cha zamani kikatolewa, kikafutwa vumbi, akakaa. Akakwama! Ile miaka mitano ya kupumzika alikuwa anakula, jamani, tusifichane. Walimchomoa watu wawili, mmoja huku na mmoja huku. Kwa aibu, Ikulu ikaagiza kiti kipya, kipana, kikachomwa namba tano. Kile cha tatu kikarudishwa ukutani.

Tangu siku hiyo kiti cha tatu kikaanza kukohoa. Mwenyewe yuko hai, anahutubia redioni, na huku kiti chake kinakohoa kwa sauti yake ya ujana. Wafagizi wakawa wanafagia chumba kile wawili wawili, wameshikana mikono.

Sapi akafa, akaitwa, akagonga. Baadaye akafa Mbarati. Bi Saumu alipopata habari alikaa chini palepale uani, kanga mdomoni. Ataita namba gani? Asubuhi ya siku moja kabla ya maziko aliwaita wale watatu Chumba cha Viti.

"Nisaidieni," akawaambia. "Mimi jikoni kwangu sitaki mgeni."

Karani Tindo akasema: "Dada Saumu, hesabu ni viapo. Aliapa mara mbili, na katikati aliapa mtu mwingine. Huyu ni wa tatu na wa tano. Mwite hivyo."

Bi Saumu akajaribu: "Wa tatu na wa tano!" Viti vyote viwili vikagonga. Wote walikuja, hakuna aliyebaki nje, na hilo ni jambo kubwa. Kisha ikasikika sauti ya kijana kutoka kiti cha tatu: "Huyu mzee ni nani? Mimi simjui." Na kutoka kiti cha tano, mtu mzima akaanza kulia.

Fundi Mkwachu akanusa kiti hiki, akanusa kile. "Shemeji, mtu yupo pale alipokaa mwisho. Yule wa zamani alishaondoka, tukamgeuzia ukuta kwa mikono yetu. Aliyekufa jana ni wa tano. Mwite hivyo."

Bi Saumu akajaribu: "Wa tano!" Kiti kipana kikagonga, pigo moja zito lililotulia, na kilio kikakoma. Hilo nalo ni jambo kubwa. Lakini kiti cha tatu kikageuka. Hakuna aliyekishika. Kiligeuka polepole, miguu inakwaruza sakafu, mpaka kikawa kimewatazama.

Mama Shekha hakurudi nyuma. Alikisogelea, akakipangusa kwa ncha ya kanga yake. "Mwanangu Saumu, mimi niliolewa na mtu mmoja. Aliposhinda nilimpikia, aliposhindwa nilimpikia, na kipindi hicho ndicho alichokula zaidi. Hakuna Mbarati wawili. Ni wa tatu, aliondoka na akarudi. Mwite hivyo."

Bi Saumu akajaribu: "Wa tatu!" Kiti kikagonga taratibu, na kikohozi, kikohozi cha miaka yote ile, kikanyamaza. Kiti cha tano kikatulia kama ubao mtupu. Hilo je, si jambo kubwa? Wakaanza kupumua.

Ndipo kikagonga kiti cha nne, bila kuitwa. Sauti ya Sapi ikasema, pole pole, bila hasira: "Kama huyu hakukatika, mimi nilikuwa nani? Mlinzi wa mlango wake?"

Wakatoka mle ndani bila kuagana. Huko nje mjumbe wa rais mpya alikuwa anasubiri na furushi la kanga, zote zimeandikwa "Rais Wetu wa Sita". "Bibi," akasema, "usije ukatuharibia. Zimeshachapwa."

Kesho yake saa sita mchana nchi nzima ilijaa uwanjani, na viti vyote vikatolewa vikapangwa. Jeneza likaletwa na wanaume wanane. Wakalitua, wakatazamana. Mmoja akamwinamia Bi Saumu sikioni: "Mama, jepesi. Tumebeba kama nusu ya mtu."

Bi Saumu akasimama nyuma ya viti.

"Wa kwanza!" Kikagonga.

"Wa pili!" Kikagonga.

Sasa zamu ikafika pale pale. Akiruka, atakuwa ameamua. Akiita, atakuwa ameamua. Nyuma yake Karani, Fundi na Mama Shekha, kila mmoja alikuwa ananong'ona namba yake. Akahisi pumzi mbili shingoni, ya moto ya yule kijana upande wa kulia, ya baridi ya yule mzee upande wa kushoto, na mbele yake kiti cha nne kimekaa kimya, kinasubiri kusikia kilikuwa cha nani. Akafumbua mdomo.

Haya, wasikilizaji. Karani aliwaleta wote wawili. Fundi alimtuliza mzee. Mama Shekha alinyamazisha kikohozi. Nani kati yao asikilizwe? Je, wewe ungeamua vipi?

Mwenye jibu alitamke kwa sauti. Ila ajue, akishalitamka, yeye ndiye aliyeita.