Fimbo ya Mwalimu Theofani

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mimi nimesoma kidogo, na jambo hili hunisumbua hata nikiwa kwenye sala.

Zamani huko Ugiriki, mzee Theofani alifundisha huku akitembea. Akisimama tu, maneno yanamkauka. Wanafunzi wake walikuwa watatu. Lisandri alijaliwa akili. Dorida alijaliwa mkono wa kutoa. Filoni, masikini, alijaliwa woga na kinyongo, ila alishindana navyo kila siku.

Asubuhi moja mzee aliwauliza, "Wanangu, mtu ameumbiwa nini? Aishi vipi ndipo awe na heri ya..."

Akatumbukia kwenye kisima kikavu.

"Mwalimu! Umeumia?"

"Nyonga imevunjika. Mdomo ungali mzima. Nani ana jibu?"

Kuta za kisima zilikuwa zinamomonyoka. Lisandri akatazama, akawaza, akalaza gogo la mzeituni juu ya kisima na kuonyesha kamba ipite wapi ili mzigo uvutike.

Kamba yenyewe haikuwepo. Dorida akakimbia nyumbani, akaleta nguo ya harusi yake, aliyoifuma miaka mitatu, akaichana vipande, akavisokota kamba huku anacheka. "Bwana harusi atanioa nikiwa na nguo ya shambani!"

Wa kushuka alikuwa Filoni, kwa wembamba wake. Na jana yake tu mzee alimwita kondoo mbele za watu! Alishuka anatetemeka, analaani, akamfunga mzee mgongoni.

"Usinishukuru," alisema. "Nusu ya moyo wangu ilitaka nikuache humu."

"Najua, mwanangu. Mimi nimebebwa na ile nusu nyingine."

Wakamtoa. Lakini hakutembea tena. Akalaza fimbo yake chini: "Shule yetu isipotembea itakufa. Aliye mwema kuliko wenzake aiokote, awaongoze."

Hakuna aliyeinama.

"Ni ya Dorida," alisema Lisandri. "Yeye wema ndio furaha yake."

"Kutoa hakuniumi hata kidogo," Dorida akajibu. "Ni ya Filoni, aliyetenda huku moyo unamuuma."

Filoni akang'aka: "Bila akili ya Lisandri tungefukiwa wote!"

Mimi ninayewasimulia, moyoni nilimpa Dorida kwanza, maana sadaka yangu huitoa nikinung'unika, Mungu anisamehe. Kisha nikamkumbuka Filoni, nikaona haya. Halafu Lisandri naye...

Fimbo ingali chini, na mzee anangoja jibu. Je, wewe ungeiokota ukamkabidhi nani?