Mashine Iliyokuwa na Aibu

Wapendwa, wazee wa kanisa wameniomba jambo moja kabla sijasafiri. Nitawajibu, tena hapa hapa mbele yenu. Lakini kwanza nipeni masikio.

Alikuwepo dada mmoja, fundi wa programu za kompyuta, kwenye karakana iliyotengeneza mashine za kutunza joto la watoto njiti. Mashine moja ilihudumia vitanda vingi. Kila kitanda kilikuwa na joto lake, na kila joto liliandikwa mahali pake katika kumbukumbu ya kompyuta. Aliyegawa nafasi hizo ni programu mama, ile inayoendesha nyingine zote, na dada huyu ndiye aliyeitunza.

Ikaanza kutokea kitu. Mara mojamoja, joto la kitanda hiki linaonekana kwenye kitanda kile. Kwa nini? Mnaijua Pasaka hapa kanisani. Unaona kiti kiko wazi, unageuka kumshika mtoto mkono, ukirudi mwenzako ameshakaa. Hakukosea, na wewe hukukosea; wote mlikiona kiko wazi. Kwenye kompyuta ni vibaya zaidi, maana wawili wanakalia kiti kimoja na hakuna anayemhisi mwenzake. Huyu anaandika, yule anaandika juu yake. Na kitandani yumo mtoto ambaye hana nguvu hata ya kulia.

Dada akatafuta kosa, wapi! Hakuliona. Akaongeza mistari michache ili kila kazi ndani ya programu itangaze inachofanya: nimeiona nafasi, naichukua, nimemaliza. Alipoiwasha tena, kosa halikuonekana. Kutwa nzima joto likakaa sawa.

Bosi wake akaja, uso umemchangamka. Msimhukumu haraka, hakuwa mtu mbaya. Hospitali ilikuwa inasubiri, na wapo watoto waliokuwa wakilala bila mashine yoyote.

"Injinia, imepona. Funga maboksi, gari linaondoka kesho."

"Haijapona, bosi. Imejua inaangaliwa."

Bosi akacheka. "Kumbe kompyuta nayo ina aibu? Basi wewe ni mkwe wake."

"Cheka tu. Zile kazi zinapita kwenye mdomo mmoja ili zitangaze, kwa hiyo zinasubiriana. Ni bahati. Siku wadi ikijaa, au mtu akiyazima matangazo, zitagongana tena."

"Yaache humo humo. Nani atayazima?"

"Ndiyo tiba hiyo? Mtoto akae salama kwa sababu kuna mtu anapayuka?"

"Dada yangu, ukigoma nitamtafuta mwingine wa kufunga."

"Mtafute. Mimi sifungi."

Alijua anaweza kutoka jioni ile bila kazi. Hata hivyo akavuta kiti, na bosi akiwa amesimama nyuma yake, akaifuta ile mistari yote. Akawasha vitanda vyote kwa mpigo, kila kimoja kikiwa na mdoli wa majaribio. Haikupita muda. Kitanda cha dirishani kikasoma joto la kitanda cha mlangoni, kikadhani kiko sawa, hita yake ikajizima. Bosi akaweka kiganja juu ya ule mdoli. Ulikuwa wa baridi.

Akauondoa mkono. Kisha akasema, "Tengeneza. Hospitali nitawapigia mimi."

Unajua alichotengeneza? Hakuongeza mtangazaji mwingine. Alikwenda kwenye upenyo wenyewe, pale kati ya kuona na kuchukua, akaweka kufuli. Mambo mawili yakawa tendo moja: anayeingia kutazama nafasi anaushika mlango mpaka amekaa. Akaiwasha tena, vitanda vyote kwa mpigo, bila tangazo hata moja, halafu akainuka.

"Huiangalii?" bosi akauliza.

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe, bosi. Twende chai."

Waliporudi, kila kitanda kilikuwa na joto lake.

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme Mungu anatuona, kwa hiyo tukae vizuri. Leo sisemi hivyo. Sisi tumeshapona mara ngapi kwa kuangaliwa? Mume ana sauti laini wageni wakiwa sebuleni. Wageni wakishapanda gari, je? Na ukumbi wetu huu? Jumamosi kwaya ya vijana wanauona uko wazi, kina mama wanauona uko wazi, wote wanaingia, maneno yanaruka. Nikikaa mimi pembeni na Biblia yangu, mnapishana kama malaika. Ndugu zangu, huko si kupona. Huko ni kuona aibu.

Wazee wameniomba niache mtu wa kukaa ukumbini mpaka nirudi. Nimekataa. Niiteni mkaidi, nimeshaitwa mabaya zaidi. Sitalifunga kosa letu kwenye boksi zuri na kuliita uponyaji. Atakayefika kwanza achukue ufunguo, aimbe, amalize, kisha amkabidhi mwenzake mkononi, kwa salamu. Na mkigombana, gombaneni tulione kosa lilipo, nikirudi tulitengeneze.

Lakini simu ya kuuliza mnaendeleaje sitapiga. Nitakuwa nakunywa chai.