Mtoto Aliyenyamaza

Ndugu zangu, tulieni kidogo. Neno tulilosomewa leo linatuambia tusimame. Nimekaa nalo juma zima, nikaona afadhali niwape mfano, kwa kuwa kusimama ni jambo rahisi kulisema.

Kulikuwa na mama mmoja kijana, aliyeolewa katika boma moja la juu mlimani, kule ambako migomba imesongamana hata mchana ndani ya nyumba huwashwa taa. Mungu akamjalia mtoto wa kiume. Yeye na mumewe wakampeleka kanisani, akabatizwa, akapewa jina Elirehema. Na mtoto huyo alikuwa analia.

Wazazi mlioko hapa mnajua kulia kwa watoto. Huyu alikuwa na kilio cha namna yake. Alilia akiwa ameshiba, alilia akiwa mkavu, alilia mgongoni na alilia kitandani. Kliniki walimpima, uzito mzuri. Nesi akasema ni chango, litapita. Halikupita. Mama yule alifika mahali akawa anachota maji huku machozi yanamtoka, na hajui ni ya kumhurumia mtoto au ya kujihurumia mwenyewe.

Pale bomani alikuwapo mama mkwe wake, mjane. Mnaijua desturi yetu, bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wake. Basi bibi huyu naye alikuwa na utani huo. Akimbeba mtoto husema, "Mume gani huyu hana hata jino moja? Nimpikie nini mimi?" Au husema, "Mume wangu ana hasira leo, amekuta ugali umepoa." Watu wakacheka, na mama wa mtoto akacheka pia, kwa maana katika nyumba yenye kilio kile kicheko kilikuwa haba.

Lakini mume halisi wa bibi huyu, babu yake mtoto, alikuwa mtu aliyeogopwa. Yeye ndiye aliyeshika mambo ya matambiko ya ukoo ule. Alikuwa amefariki kabla mtoto hajazaliwa, akazikwa pale pale kwenye migomba nyuma ya nyumba. Ubatizo aliukataa hadi pumzi ya mwisho. Na walioketi naye siku zile walisema alikuwa akirudia neno moja, kwamba huko aendako hatakaa sana. Jina lake nalijua. Sitalitaja hapa.

Siku moja mama yule alikuwa anarudi kukata majani ya ng'ombe. Akiwa bado njiani, na mzigo kichwani, alisikia kilio cha mwanawe kama kawaida. Mara kikakatika. Watoto hunyamaza kwa kupunguza, kwa kwikwi na kuguna. Huyu alikatika katikati ya sauti, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Mama akatupa majani, akakimbia.

Alimkuta mama mkwe ameketi kwenye kigoda, mtoto yuko mapajani, macho wazi, mzima kabisa. Bibi hakuwa anacheka.

"Mama, umempa nini?"

"Sijampa kitu. Nimemwita tu."

"Umemwita nani?"

"Mwite wewe kwanza," akasema bibi, "halafu nami nimwite, uone."

Mama akasema, "Elirehema." Mtoto akakunja uso, akaanza kulia. Bibi akainama, akamnong'oneza sikioni jina la marehemu. Kilio kikakatika. Mtoto hakumtazama bibi wala hakumtazama mama yake. Alitazama kwenye kona, palipokuwa na kiti cha yule mzee, na macho yake yakainuka polepole kutoka chini kwenda juu, jinsi tunavyomtazama mtu anayesimama kutoka kwenye kiti.

"Mume wangu," bibi akasema taratibu, "kumbe ni wewe."

Siku hiyo nyumba nzima ililala. Asubuhi mume wa mama yule alikuja jikoni anatabasamu.

"Mama Elirehema, nimelala mimi. Nimelala mpaka nimeota."

"Umesikia anachoitwa?"

"Nimesikia. Ni jina la baba yangu, si tusi."

"Tumembatiza."

"Kwani nani amemfuta ubatizo? Kanisani aitwe vile, nyumbani aitwe hivi. Wangapi wana majina mawili?" Akamshika mkono. "Mungu mwenyewe anaona tulivyochoka."

Naye alikuwa amechoka. Akanyamaza. Nani kati yetu hapa angejibu? Wangapi tumenyamaza kwa jambo dogo kuliko hilo, kwa kuwa tulitaka kulala tu?

Boma likatulia. Majirani wakaja kusifu. "Sasa mna mtoto mwenye adabu," walisema, "wa kwetu hatuachi hata tukohoe." Mama mkwe akawa mpole. Alikuwa akimwita mke wa mwanawe "binti yangu", jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wakwe wakaleta ndizi, wakaleta maziwa. Kila mtu alimpenda mama huyu, na hakuna aliyempinga kwa lolote.

Ila yeye alianza kuona mambo. Mtoto hakulia tena kwa njaa. Akiwekwa titini alinyonya kidogo, akaacha, kama mgeni anayeonja chakula kwa heshima. Hakulia akilowa. Hakucheka pia. Akilazwa upande huu, anageuza shingo kuelekea nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na anakaa hivyo mpaka ageuzwe.

Kisha mchana mmoja mama alimtandikia mkeka uani, akaenda kuanika nguo. Aliporudi, alimkuta mtoto ametulia, anaangalia mguu wake mwenyewe. Siafu alikuwa amemng'ata kidole, amezamisha meno, ananing'inia. Damu ilikuwa imetoka, ikakauka. Na mtoto alikuwa anamtazama yule siafu kama anatazama mguu wa mtu mwingine.

Mama alimng'oa siafu yule. Akamwonyesha mumewe kile kidole. Mume akakitazama, akatazama pembeni. "Kesho kaka anakuja," akasema. "Mambo yakamilishwe, yaishe."

Kukamilisha kwenyewe kulikuwa hivi. Mbuzi huchinjwa, na ukanda wa ngozi yake huvalishwa mtoto mkononi. Halafu mkubwa wa ukoo huliita jina la marehemu kaburini mara tatu, na mtoto huitikia, "Nipo." Na kwa kuwa mtoto mchanga hana maneno, mama yake humwitikia. Lazima iwe mdomo wa mama. Asipoitikia mama, hakuna kilichofanyika. Akiitikia, mtoto amekwisha kutolewa, ni wa yule aliyeitwa.

Basi mbuzi alipokwisha kuchinjwa, wakasimama chini ya migomba. Ilikuwa mchana wa jua, lakini mle ndani mlikuwa na kiza cha jioni. Ng'ombe zizini waliacha kutafuna. Kaka mkubwa wa mume akaita jina mara ya kwanza, na mtoto akageuza shingo kutazama kaburi. Akaita mara ya pili, na mtoto akanyoosha mikono, kama anayetaka kubebwa na mtu aliyesimama pale. Akaita mara ya tatu.

Mama yule akamkaza mtoto kifuani.

"Shemeji, itikia," akasema yule kaka. "Ni neno moja."

"Binti yangu," akasema mama mkwe, "usitutie aibu mbele ya mwenye boma."

Shangazi mmoja akacheka puani. "Labda anamsubiri mchungaji aje amwitikie."

Watu wakaguna kwa kicheko. Ndipo mumewe akamsogelea, akasema kwa upole, "Itikia, mama," akamalizia kwa jina la marehemu. Mama fulani. Hakumwita tena mama Elirehema. Na mama yule akaelewa kwamba walikuwa hawampi marehemu mtoto peke yake. Naye alikuwa amekwisha kuhesabiwa humo.

Akasema, "Huyu anaitwa Elirehema."

Kaka hakukasirika. Alitabasamu. "Basi mwite."

"Elirehema," akaita. Mtoto hakugeuka.

"Mwite tena, hajasikia."

Akaita tena. Mtoto alikuwa mzito mikononi mwake, mzito kupita kiasi cha mtoto, kana kwamba amebeba mtu mzima. Alitaka kuomba, akatafuta maneno ya kuomba, hayakuja. Hata sala tunayoisema hapa kila Jumapili ilimpotea. Kilichobaki kinywani ni lile jina tu.

Mama mkwe akamkaribia. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Sikiliza, mwanangu. Mzee ameshamshika. Ukimwondoa hapa bila kuitikia, atakufia mikononi."

Wapendwa, ungefanyaje hapo? Usinijibu haraka. Mtie mwanao mikononi mwako kwanza, halafu ujibu.

Mama yule akasema, na hakupaza sauti, "Akinifia, atanifia akiwa Elirehema. Nitamzika kwa jina alilopewa kwenye maji. Lakini sitaitikia."

Akasimama pale pale. Walimsihi, wakamtukana, wakamwambia arudi kwao. Hakuondoka wala hakuitikia. Nyama ilikuwa inapoa, basi mmoja mmoja wakaenda zao uani, shangazi wa mwisho akitema mate chini. Mume akakaa kidogo, naye akaenda. Akabaki yeye, na mtoto mzito, na kaburi. Mvua ikaanza kunyesha juu ya migomba. Alikuwa anaita jina lile polepole, bila kuacha, na mtoto alikuwa ananyoosha mikono upande wa pili.

Hakuona nuru, ndugu zangu. Hakusikia sauti kutoka mbinguni. Mtu akiwaambia kwamba ukisimama utaona nuru, mwulizeni alisimama wapi. Mama yule miguu ilikuwa inamtetemeka, maziwa yamemlowesha nguo, mvua inamlowesha, na kwa kadiri alivyojua alikuwa ameshika mtoto anayekufa.

Tone kubwa likadondoka kutoka kwenye jani, likampata mtoto usoni. Akashtuka. Akakunja uso. Mdomo ukatetemeka, mikono ikarudi, ikamshika mama yake nguo, na mtoto akalia.

Akalia kilio kilichosikika ng'ambo ya bonde. Wale waliokuwa uani waliacha kula. Mume alikuja mbio, akamkuta mkewe ameketi kwenye matope, anacheka na kulia, amemkumbatia mtoto anayepiga kelele kama anayechunwa ngozi.

Na unadhani alinyamaza? Hakunyamaza. Alilia siku ile, na kesho yake, na kwa muda mrefu. Mama huyu alifukuzwa bomani, akarudi kwao na mtoto mgongoni, na kilio kikamfuata njia nzima. Wanawake waliotoka sokoni wakamwonea huruma. "Pole, dada. Mtoto hajatulia bado?"

"Bado," akasema. "Mungu ashukuriwe, bado."

Sasa sisi. Tukija hapa tunaomba nini? Tunaomba kutulizwa. Bwana, nitulizie ndoa, nitulizie kazi, nitulizie ukoo wangu waache kunisema. Si vibaya kuomba. Lakini yule mwingine naye anajua kutuliza. Anatuliza vizuri sana, na kwa haraka. Wako hapa ambao tangu walipoacha kusali nyumbani hawagombani tena na mtu. Tangu ulipoanza kunywa pamoja nao, wakubwa kazini wanakuita kwa jina. Tangu ulipokubali kale kaukanda ka mkononi, wakwe wanakuletea ndizi. Umetulia. Hapana kinachokuuma. Jitazame mguuni, ndugu yangu. Labda kuna kitu kimekung'ata siku nyingi nawe unakitazama tu.

Mimi nyumba yangu ina kimya tangu masika. Mnaijua habari, mlikuja kunisaidia kumzika. Wako watu wema, wala siwalaumu, walionijia wakaniambia kuna mzee mahali fulani anaweza kufanya nimsikie tena mke wangu akiniita. Niitikie tu. Ningependa kusikia sauti ile kuliko mnavyoweza kudhani. Nimewajibu hapana, na jibu hilo halikuniletea usingizi. Bado nalia. Nawaambia ili msije mkafikiri kwamba anayelia ameanguka.

Kwa hiyo simameni, mwenye kutetemeka na asimame akitetemeka. Sala ikikupotea, shika jina. Nanyi akina mama ambao mmezoea kuwatoa watoto nje wakianza kulia, leo msitoke. Waacheni walie humu humu.

Tuombe.