Kuku Weusi wa Bibi Nyamizi

Paukwa!

"Pakawa!"

Itikieni kama watu waliokula! Paukwa!

"Pakawaaa!"

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mfinyanzi, Bibi Nyamizi. Chungu chake ukikigonga, ngli! ngli! Akifika kwenye shimo la udongo, kwanza hunyunyiza unga, akawasalimu wazee waliotangulia, ndipo akachimba. Mama yake alifanya hivyo. Bibi yake alifanya hivyo.

Ikaja dini mpya, na majina mapya, na kanzu mpya. Kijiji kizima kikaingia. Nyamizi akabaki.

"Mimi nilishashiba, wanangu," alisema. "Ninyi kuleni."

Basi wakamwita mpagani. Wanawake walinunua vyungu vyake, wakavisugua kwa majivu, wakavisugua tena, kisha wakapikia. Mboga ikawa tamu vilevile. Watoto walikatazwa maji ya mtungi wake. Na Mzee Zebedayo, ambaye juzijuzi tu alikuwa Ngassa, akikutana naye njiani alimeza shikamoo yake, glup! akatazama mawingu.

Mawingu yenyewe hayakuwapo. Mvua iligoma. Mahindi yakajikunja.

Jioni moja Zebedayo akaita mkutano uwanjani.

"Mvua imezuiwa na unga wa huyu mpagani! Asiguse tena shimo la udongo!"

"Asiguse!" watu wakaitika.

Nyamizi bila udongo ni Nyamizi bila chakula. Kila mtu alijua. Waliitika hivyo hivyo.

"Nimesikia, baba," akasema Bibi. "Sichimbi. Na tambiko la mvua nalo nimeacha. Ngojeni niwarudishie vitu vyenu."

"Vitu gani? Sisi na wewe wapi na wapi!"

Bibi akaingia uani. Akatoka akiburuta tenga, kwaru! kwaru! mpaka katikati ya uwanja. Akafunua.

Kwa-kwa-kwa-kwa! Kuku weusi watupu, maana mvua huombwa kwa cheusi, rangi ya wingu lake. Wote walikuwa wameletwa na watu haohao wiki ileile, chini ya khanga, chini ya kanzu, kwa mlango wa nyuma.

Na kuku akifunguliwa jioni hana siri. Hukimbilia banda lake.

Mmoja mbio kwa mama mmoja wa wale wasugua vyungu kwa majivu. Mmoja mbio kwa mwimbishaji wa nyimbo za sala.

"Shii! Nenda huko!"

"Huyu si wangu, jamani!"

Kuku akaingia ndani, akapanda pale pale anapolala siku zote.

Akabaki jogoo mmoja, mkubwa. Huyo hakukimbia. Alitembea kama mwenye nyumba, tap, tap, tap, akavuka uwanja, akapanda banda la Zebedayo. Kokorikooo!

Watu wakageuka kumtazama Zebedayo.

"Jogoo huyu..." akaanza Zebedayo.

"Usimgombeze, Ngassa. Hakuambiwa kwamba umebadili jina."

Mtu mmoja akacheka. Kisha uwanja mzima.

Zebedayo akajikuna kisogo. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na udongo?"

"Chimba tu, Bibi."

"Na jogoo?"

Akatazama mawingu yasiyokuwapo. "Nitamrudisha... watu wakishalala."

"Mlete mchana. Njia ile ile unayoendea sala."

Akamleta mchana.

Mnauliza kama mvua ilinyesha? Ilinyesha. Kila mmoja akasema ni dua yake.

Basi, wanangu, kabla hujamtukana jirani kwa mlango anaomwombea Mungu, hakikisha kuku wako hajui mlango huo. Hadithi yangu imeishia hapo. Nendeni mkafunge mabanda.