Msiba Hauna Mwaliko

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huikumbuka methali hii mezani, maana siku ya mgeni ndipo kuku huchinjwa, na wenye nyumba nao wakapata mnofu. Lakini maana yake huenda mbali kuliko sufuria. Zipo nyumba zinazougua bila wenyewe kuijua dawa, na dawa hiyo ikaletwa na mtu ambaye hata desturi za mlango anaoubisha hazijui. Ndivyo ilivyokuwa kwa klabu ya Javor, katika jiji la Toronto, miaka ya tisini.

Déogratias alifika Toronto akitokea Bujumbura, yeye na mkewe Candide na binti yao Nicole. Walipanga katika jengo la zamani huko Weston, kando ya mto Humber, naye akapata kazi kiwandani. Jumamosi moja ya kiangazi alishuka mtoni kupunga upepo, akakuta wanaume wenye jezi za buluu wakicheza mpira, na langoni kwao hapana mtu. Mzee mmoja mwenye masharubu meupe kama pamba alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwonyesha lango kwa kidole. Hakumwuliza jina. Déogratias alivua koti, akaenda kusimama.

Mzee huyo aliitwa Stefan, naye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Javor, klabu ya Waslovakia. Mkewe, Mama Marta, alizifua jezi za timu nzima na kuipikia supu ya kabichi kila baada ya mchezo. Jioni ile alimletea mgeni kipande cha mkate na chumvi kidogo, kama watu wa kwao wanavyopokeana. Tangu siku hiyo Déogratias akawa na mahali katika jiji lile ambapo asipofika, mtu angeuliza yuko wapi.

Mwaka uliofuata simu ilimletea habari kwamba mdogo wake, Moïse, ameuawa nyumbani. Déogratias hakumwambia mtu. Kule kwao watu wangejaa uani, wangekaa naye, wangelala naye. Huku alikaa na Candide kitandani, ukuta ukiwatazama, na kulipokucha akaenda kazini. Msiba ule ulimkaa kifuani kama jiwe, usitoke wala usiyeyuke.

Kisha, katika Februari yenye baridi inayokata kama wembe, Mama Marta akafariki. Ibada ilikuwa fupi na nzuri. Watu walikunywa supu ukumbini, wakampa mzee mkono, wakaenda zao. Mlangoni Stefan aliwaambia wachezaji kwamba Javor imezikwa na Marta. Ligi ilitaka kujua kabla ya majani kuchipua kama timu itashiriki, naye angejibu hapana. Tena aliwaomba wamwache peke yake. Nao, kwa heshima, wakamwacha.

"Baba Nicole," Candide alisema walipofika nyumbani, "tumemwacha yule mzee na nani?"

"Amesema tumwache."

"Na wewe Moïse alipokufa, ungeulizwa ungesemaje?"

Déogratias alikwenda kuvaa viatu. Candide akapakua maharage na wali kwenye chungu, akakifunga kwa kitambaa, wakatoka.

Stefan alifungua mlango, akapigwa na butwaa. Aliuliza wamekuja kufanya nini.

"Tumekuja kukaa," Déogratias alimjibu.

Wakakaa. Hawakumpa mawaidha wala hawakumwuliza maswali. Candide aliosha vyombo vilivyorundikana, Déogratias akaketi kwenye kochi, mikono magotini. Mzee alizunguka nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyepotea stesheni. Mwishowe alikohoa na kuuliza, kwa adabu yote, wanatarajia kuondoka saa ngapi. Déogratias alimweleza kwamba kwao msiba hauna saa ya kufungwa kama duka. Stefan akaguna, akaenda kuchukua sahani.

Kesho yake walirudi, na kila jioni iliyofuata. Siku ambayo mzee alimaliza chakula chake chote ndiyo siku aliyofungua kinywa, na alichokisimulia hakikuwa habari za Marta, bali za klabu.

Javor, alisema, ilianzishwa na wapasua mbao wa kijiji kimoja kando ya mto Hron, zamani za baba yake. Javor ni jina la mti. Mmoja wa miti hiyo ulisimama nyuma ya lango, ukiudaka mpira kila mshambuliaji alipokosea, na watani wakasema ndiye kipa bora wa kijiji. Vita vilipita, wachezaji wengine wakabaki vitani, klabu ikaendelea. Mwaka wa sitini na nane vifaru vya kigeni viliingia nchini mwao, iliyoitwa Chekoslovakia wakati huo. Stefan, Marta na rafiki yao Jozef wakavuka mpaka wakiwa na begi moja na mpira uliotolewa upepo. Walipofika Kanada, Jozef aliitazama bendera, akaliona jani la mti ule ule. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akasema, "Mti wetu umetutangulia." Wakaujaza mpira upepo hapo mtoni, na Javor ikazaliwa mara ya pili.

"Na huyu Jozef amezikwa wapi?" Déogratias aliuliza.

Stefan alimkodolea macho. Jozef hakuwa amekufa. Alikuwa na duka la soseji ng'ambo ya jiji. Ila mwaka wa tisini na tatu nchi yao ilipogawanyika, Waslovakia huku na Wacheki kule, Stefan alilifuta jina la Chekoslovakia kwenye kibao cha klabu. Mama yake Jozef alikuwa Mcheki, naye Jozef akahesabu kwamba amefutiwa mama. Aliondoka na nusu ya timu, na tangu hapo hawakupeana hata salamu.

Kwa Déogratias hilo halikuingia akilini. Mtu uliyevuka naye mpaka yu hai, yu katika mji huo huo, na hajaja kukaa? Aliona pengine habari hazijamfikia. Siku ya mapumziko alipanda basi, kisha tramu, hata akalifikia lile duka. Mwenyewe, mzee mnene mwenye aproni, alikuwa akiwahudumia wateja.

"Mzee Jozef, pole," alisema. "Msiba wako umeanza bila wewe."

Kisu kikasimama hewani. Jozef alisema kwa sauti ndogo kwamba habari za Marta alizisikia, lakini hakuna aliyemwalika.

"Kwetu mwaliko ni wa harusi, mzee wangu. Msiba hauna mwaliko."

Wateja walitazama soseji. Jozef akaivua aproni.

Jioni hiyo Stefan alipofungua mlango, wazee wale walitazamana. Déogratias alisogea kwenye kochi, nafasi ikapatikana. Jozef akaketi. Kimya kikawa kirefu, kizito kama theluji juu ya paa. Stefan alipoona hakivumiliki, alishika hadithi pale alipoiachia: fainali yao ya kwanza, na jinsi alivyofunga bao kwa kichwa dakika za mwisho.

"Hukufunga wewe," Jozef alisema. "Nilifunga mimi. Wewe ulikuwa umeanguka, unalilia kiatu."

Stefan alifura. Kisha masharubu yakatetemeka, akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio. Jozef akamshika bega, wakalia wote wawili kwa lugha yao, jina la Marta likisikika katikati.

Walipotulia, Stefan alimwuliza Déogratias amejifunza wapi kukaa namna ile. Ndipo alipomtaja Moïse. Alieleza machache tu. Jozef alizima redio iliyokuwa ikinong'ona jikoni, Stefan akaleta blanketi, wakakaa naye. Lile jiwe la kifuani, kwa mara ya kwanza, likasogea.

Siku ya kuondoa matanga Candide alizikuta jezi za buluu kwenye kikapu, chafu tangu mchezo wa mwisho, kwa sababu Marta aliugua kabla hajazifua. Walizifua wote pamoja, wazee wakisuuza na kugombana juu ya sabuni, wakazianika uani zikapepea. Ligi ikajibiwa ndiyo.

Majani yalipochipua, Jozef alikuja mtoni na wachezaji wake. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi upya, kikaandikwa Javor tu, bila nchi yoyote. Kabla ya filimbi Stefan aliwataja marehemu wa klabu mmoja mmoja, tangu wale wapasua mbao. Alimtaja Marta. Kisha akamtaja Moïse, ambaye hakuwahi kuuona mto ule, na timu nzima ikainamisha vichwa.

Déogratias alikwenda kusimama langoni, macho yamelowa, moyo mwepesi. Siku hiyo hakujua tena nani alikuwa mgeni na nani mwenyeji, maana wote walikuwa wamepona. Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.