Ua la Njano na Ua Jekundu

Huko kaskazini kabisa mwa dunia, wapendwa, ambako barafu haiishi na jua la joto huja wiki chache tu likaaga, kulikuwa na mtaalamu mmoja wa mimea. Kazi yake ilikuwa kuipa mimea majina na kuipanga: huu wa ukoo huu, ule wa ukoo ule. Kwenye kilima kimoja akakuta vimea vifupi vimejibanza kwenye mawe kukwepa upepo. Vingine vilitoa maua ya njano, vingine maua mekundu. Akasema, "Hizi ni aina mbili." Akazipa majina mawili, wenzake wakampigia makofi.

Kumbe kilima kile kilikuwa kinaporomoka, maana barafu iliyokishikilia ilikuwa inayeyuka, na vimea vile havikuwa na kwao kwingine. Akaving'oa taratibu, akavihamishia nyumbani. Vya maua ya njano akavipanda mbele, vya maua mekundu nyuma kabisa, ukuta katikati.

Mkewe akamwuliza, "Mume wangu, mbona vinachanua na mbegu hatuzioni? Tuviweke pamoja basi, tujaribu."

"Tukichanganya tutaharibu. Kila aina ibaki kwake."

Akina mama mnaoujua mpapai dume, nawaona mmeanza kucheka. Mmeshajua! Yeye hakujua. Miaka ikapita, vimea vikazeeka, na baridi moja kali ikaua vyote vya maua mekundu. Ndipo siku moja akalichungulia ua la njano kwa kioo cha kukuzia. Chavua tupu, mahali pa kushika mbegu hamna. Akakumbuka kwamba yale mekundu hayakuwa na chavua hata chembe. Akaketi chini, kwenye udongo.

"Walikuwa mume na mke," akamwambia mkewe. "Na mimi nimewawekea ukuta."

Mkewe akalia.

Mnamcheka? Na sisi je? Ndugu zetu walipohamia hapo bondeni na nyimbo zao, tukawapa ibada yao ya alfajiri, sisi tukabaki na hii. Tukauita utaratibu. Haya, niambieni, mara ya mwisho tumebatiza mtoto humu ni lini? Inaniuma kuuliza. Geukeni mtazame mabenchi ya nyuma. Na leo alfajiri nimewafungulia mlango, nikangoja, hakuja hata mmoja. Wamehama? Wametuchoka? Sijui. Ila baada ya amina hatuendi nyumbani. Tunateremka bondeni, sote, tukapige hodi, kama bado watatufungulia.