Tonge la Pili la Sungura

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo pakawa? Sauti kama kuku mwenye kideri! Tena: Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, mwenye moyo mwepesi akalale. Hii ilimtoa jasho hata mwamba kama mimi.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakioana bila kuulizana kabila, Bi Paa alikuwa na binti mmoja, Siwema. Sungura akampenda. Akamtuma Nguchiro awe mshenga, posa ikapokelewa, Sungura akaja kukaa ukweni apimwe tabia kabla ya harusi.

Ukweni hapo palikuwa na mwiko mkali: mkwe na mama mkwe hawaonani wakila. Mdomo wa huyu usitikisike mbele ya yule.

Lakini macho ya mama mkwe, nani aliyewahi kuyafunga? Kiangazi kilikuwa kimekausha kila jani, wanyama wote mbavu nje, ila Sungura anang'ata vijiti vya nyasi na kunawiri tu. Bi Paa roho ikawa juu. "Huyu ananenepa na nini? Huyu anakula nini? Huyu si mchawi huyu?"

Mchana mmoja wa jua kali akamnyatia kichakani. Akamwona Sungura amejikunyata kivulini. Akainamisha kichwa. Akakipitisha katikati ya miguu ya nyuma. Akadaka kitu laini kilichokuwa kinatoka huko, akakimeza kizima!

Bi Paa akachomoka mbio kuelekea kijijini.

"Salale! Salale! Salale! Mkwe wangu anakula mavi!"

Kijiji chote kikamiminika. Siwema alikuja mbio, akasimama kama kigingi.

"Posa naivunja!" Bi Paa akapiga kelele. "Mwanangu asisogelewe na mdomo ule!"

"Mama, nisikilize kwanza," Sungura akasema, masikio yamelala kwa aibu. "Zile gololi kavu mnazoziona njiani sizigusi. Ila nyasi ni ngumu, mama. Zikiingia ndani zinapita mbio kwenye utumbo mwembamba, na hapo ndipo mwili unapofyonza nguvu, nazo bado mbichi! Zinakuja kuiva mbele ya safari, kwenye mfuko wa nyuma, zinachachuka kama togwa. Sasa togwa tayari, lakini pa kufyonzea nimeshapapita. Nifanyeje? Narudisha tonge mwanzo wa njia. Nisiporudisha, nakufa na tumbo limejaa."

Bi Paa akabaki ameduwaa. Na paa akiduwaa, tumbo lake halimngoji. Bonge likaonekana shingoni mwake. Likapanda. Likapanda. Likapanda.

"Mama anakabwa!" Sungura akaruka kumpiga mgongoni.

Wapi! Bonge lilifika mdomoni, naye kwa mazoea akalitafuna: nyam, nyam, nyam. Mbele ya mkwe!

Sungura macho yakamtoka. "Mama... hicho kimetoka wapi?"

"Tumboni."

"Ulikila lini?"

"Alfajiri."

"Kwa hiyo umekitapika, halafu unakila?"

"Nimecheua, wewe! Nyasi zinalala zikichachuka, zinapanda nizisage, ndipo zinashuka tumbo jingine."

"Tumbo jingine? Kwani unayo mangapi?" Sungura akarukia nyuma ya Nguchiro. "Mshenga, umenileta wapi? Hawa wanakula matapishi! Mimi ndiye ninayevunja posa!"

Hapo Siwema akafuta machozi.

"Kaa chini," akamwambia mchumba wake. "Wewe pia, mama, kaa. Mmoja anarudia tonge kwa mlango wa mbele, mwingine kwa mlango wa nyuma, na nyasi ni zilezile. Sungura, unanitaka?"

"Nakutaka, lakini..."

"Basi nitazame."

Akapandisha bonge, akamtafunia usoni kabisa. Sungura akatetemeka mpaka sharubu, ila hakukwepesha macho. Alipomaliza, Siwema akasema, "Zamu yako." Naye Sungura, mbele ya wakwe wote, akainama. Bi Paa akafunika macho kwa kwato, jicho moja akalisahau wazi.

Harusi ikafungwa. Karamu ikaandaliwa, lakini nani angethubutu kumtazama mwenzake akila? Wageni wote wakala wamepeana migongo, kila mmoja akiomba asiulizwe lake linapita wapi. Maharusi peke yao walikula wanatazamana.

Hadithi yangu imefika mwisho, imelala hapo hapo. Mwenye tonge mdomoni, ameze.